Betri Iliyochoka

Jumamosi saa mbili asubuhi, Maige aliingia kwenye kibanda cha Noela pale Segese, gitaa mgongoni na kikopo cha bati mkononi. Kamba za kiatu kimoja zilikuwa zikiburuzika.

"Mwangaluka, fundi," alisalimu kwa Kisukuma. "Umenimaliza!"

Noela alikuwa fundi redio. Kikopo kile alikitengeneza mwenyewe wiki mbili zilizopita kwa transista mbili alizong'oa kwenye redio ya zamani, waya kidogo na betri ya mraba ya volti tisa. Gitaa likipitishwa humo, sauti hutoka nene, yenye kukwaruza, kama ya mwimbaji aliyekaukiwa koo lakini hataki kunyamaza. Maige, mpiga solo wa bendi, alikiita fazi, na hakutaka tena kupiga bila kikopo hicho.

"Kimefanya nini?"

"Sikia mwenyewe."

Alichomeka gitaa kwenye kikopo, na kikopo kwenye spika ya Noela, akapiga. Sauti ikatoka nyembamba na kali, kama bati linakatwa kwa msumeno.

"Umegusa nini humu ndani?"

"Sijagusa kitu! Nimebadilisha betri tu. Nimeweka alkalaini mpya, ile bora kabisa, maana leo tuna harusi Buseresere. Gari linaondoka saa nne."

Noela akamtazama, kisha akatabasamu polepole. Betri aliyoiweka mwanzoni ilikuwa kuukuu. Ignas, mtafuta dhahabu, humletea zile zinazoshindwa kuendesha detekta yake ya kunusia dhahabu, naye huziweka kwenye mkebe. Akachukua moja humo, akachukua na mpya ya kawaida, ya bei rahisi, kisha akamwita mama lishe wa kibanda cha jirani.

"Mama Hosiana, njoo. Tupe mgongo, tazama barabarani. Utuambie ipi tamu."

Mama Hosiana akasimama na mwiko wake. Maige akapiga na alkalaini.

"Hiyo inanitia ganzi ya meno."

Noela akaweka mpya ya bei rahisi.

"Mbona ni ileile? Labda imepoa kidogo."

Akaweka ya Ignas. Maige akapiga noti moja, akaivuta. Mama Hosiana akageuka bila kuambiwa, mwiko juu.

"Hiyo! Hiyo, baba, rudia!"

Maige akarudia, akiruka na kiatu chake kisichofungwa. Noela akapima kwa mita: alkalaini volti tisa na nusu, ya bei rahisi tisa na kidogo, ya Ignas saba tu. Akapiga meza kwa kiganja.

"Kumbe! Aina ya betri inachangia kidogo, lakini uchovu ndio unaoleta utamu."

"Basi nipe mkebe wote!"

Noela akairudisha ya Ignas, Maige akapiga tena, lakini punde sauti ya gitaa ikaanza kukatikakatika, ikazimika kabisa. Wakatazamana. Betri ilikuwa imeisha. Wakajaribu nyingine kwenye mkebe, nayo ikadumu chini ya dakika mbili.

"Itanifia mbele ya bibi harusi," Maige alisema, akaketi kwenye ndoo. "Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na nusu. Nyamaza kwanza, nafikiri."

Noela alishika ile mpya ya bei rahisi, akaigeuzageuza. Betri ikichoka, umeme wake hupita kwa shida. Je, kama angeupa shida hiyo kwa makusudi? Akafungua redio moja mbovu, akang'oa kile kitufe cha kuzungusha cha kuongezea sauti, akakilehemu katikati ya betri na transista. Kwa haraka akajiunguza kidole, hakujali.

"Piga. Usiache."

Maige akapiga, Noela akazungusha. Mwanzoni sauti ilikuwa kali. Akazungusha tena, ikaanza kunenepa. Akazungusha zaidi kidogo, na ghafla ile sauti ikajaa kibandani hadi skrubu zikacheza mezani.

"Ndiyo hiyo!" wakapiga kelele wote watatu kwa pamoja.

"Umeizeesha betri mpya!" Maige alimkumbatia Noela, akamkumbatia Mama Hosiana, akakumbatia na gitaa. Nje honi ikalia. "Funga duka, fundi. Twende wote."

Noela hakuwahi kufunga duka Jumamosi. Siku hiyo alifunga.

Kule Buseresere, wimbo wa tatu, Maige aliinama na kuzungusha kile kitufe hadi mwisho. Gitaa likanyong'onyea kama linakata roho. Watu wakashika vichwa. Akakirudisha taratibu, sauti ikapanda nene, ikalipuka, na vigelegele vikafunika spika. Shangazi wa bibi harusi akamvuta Noela katikati ya uwanja, naye akacheza, kidole chake kilichoungua kikiwa juu, akicheka hadi machozi.

Walipokuwa wakifungasha vyombo, mpiga gitaa mmoja wa Chato alimfuata Noela mbio.

"Dada, niambie ukweli. Mle ndani mnaweka betri gani?"

"Njoo Segese Jumatatu," Noela alisema. "Uje na redio mbovu."