Mshale Ulipofika Kwenye Nyekundu

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakigonga bati za gereji. Dereva wa gari la vitabu la maktaba alikaa juu ya tairi kuukuu, akimtazama fundi anavyosafisha uso wa bloku ya injini kwa kitambaa. Fundi huyo alikuwa mdogo wa kike wa mke wake, kwa hiyo hakumwonea haya.

"Shemeji, mbona umenuna hivyo? Kama dada amekufukuza, sema mapema. Hapa tunalaza magari, hatulazi waume za watu."

"Hajanifukuza. Fanya kazi, mama maneno."

"Basi changamka. Gari litapona."

Hilo ndilo alilolitaka kuliko kitu chochote. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipeleka vitabu katika shule saba zisizo na maktaba. Mwezi uliopita mwenzake aliunguza injini, akaondolewa kwenye usukani na kupewa kazi ya lango. Sasa hufungua na kufunga, kutwa nzima.

Gari lilikuwa limevutwa kwa kamba siku iliyotangulia. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, na oili ilikuwa imeingia maji, ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Akafungua kichwa cha injini na kuitoa gasketi iliyokaa kati yake na bloku. Mahali pamoja, kati ya tundu la silinda na tundu la maji, palikuwa pameungua.

"Hili bamba unaliona jembamba," alieleza, "lakini linatunza nyumba yenye wapangaji watatu wasiopatana: moto, maji na oili. Kila mmoja lazima abaki chumbani mwake. Ukuta ukitoboka, ugomvi wao utausikia mpaka barabarani. Ila gasketi haifi bure, huuawa na joto. Mshale wa joto ulifika wapi?"

"Ulipanda kidogo tu. Nikazima."

Fundi hakuuliza mara ya pili. Nani amshuku shemeji yake? Alilaza rula ya chuma juu ya uso wa kichwa, akajaribu kupitisha kibati chembamba chini yake. Hakikupita.

"Hakijapinda. Kingechemka sana ningekipeleka karakana yenye mashine wakijaze hewa ndani ya maji, watafute ufa. Ufa rula haiuoni. Lakini kwa kuwa ulizima mapema, tusipoteze siku."

Hayo yalikuwa ya jana. Leo gasketi mpya ilikuwa mezani. Fundi aliigeuza, akahakikisha kila tundu lake linalingana na tundu la bloku, akailaza taratibu. Akachukua spana yenye kipimo.

"Boliti huanzwa katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Mwenye pupa hukaza upande mmoja, upande wa pili ukainuka kama mkeka. Nisaidie kukiweka kichwa."

Dereva alisimama. Ukweli ni kwamba mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulipasuka mlimani, mshale ukagonga mwisho wa nyekundu, naye akaendelea kwa robo saa nzima, kwa sababu watoto wa shule ya juu walikuwa wameshaliona gari na walikuwa wakipunga mikono. Angenyamaza, huenda injini ingedumu mwezi. Kisha ingekufa tena, na lawama zote zingemwangukia fundi.

"Shemeji, ngoja. Mshale ulifika mwisho. Niliendesha robo saa."

Spana ilibaki hewani.

"Robo saa! Kwenye nyekundu?"

"Watoto walikuwa wananisubiri."

"Wangekusubiri hata kesho. Mficha maradhi..."

"Najua. Usimalizie."

Fundi akaiweka spana mezani. "Ungenyamaza ningekufungia jeneza, nikalipiga na rangi. Shika huku. Tunakipeleka karakana."

Karakana walikijaza hewa, wakakizamisha. Mstari wa mapovu ulipanda karibu na valvu ya tatu: ufa mwembamba kama unywele. Haukufaa kuchomelewa. Fundi alipiga simu tatu, akapata kichwa kingine kizima kutoka gari lililogongwa nyuma.

Alasiri mkuu wa maktaba alikuja kuchukua ripoti. Kwenye nafasi ya "sababu" dereva alikuwa ameandika mwenyewe: mpira wa rejeta ulipasuka, dereva hakuzima injini. Mkuu alisoma mara mbili.

"Yule mwenzako alinificha wiki mbili, mpaka bloku ikapasuka," alisema. "Wewe umesema kabla boliti hazijakazwa. Utaandikiwa onyo, na wiki mbili hutaendesha. Baada ya hapo gari ni lako. Ila kila asubuhi utakagua maji na mipira, na utaweka sahihi."

"Nitaweka, Mkuu."

"Nami nitamchungulia," fundi alidakia. "Dada ameniruhusu."

Alhamisi mkuu aliwapigia simu walimu wa shule saba kuwaeleza kuchelewa. Fundi alifunga kichwa kipya, akabadilisha mipira yote, akawasha injini kwa saa nzima; mshale ulitulia katikati. Dereva alitia sahihi onyo lake kwenye faili, akapanga vitabu vilivyorudishwa, akabandika majalada yaliyochanika, na baada ya wiki mbili akaanza na shule ya mlimani.