Sikio la Kimeli Kabla ya Koito

Tangu Jumapili Priscah alikuwa na neno moyoni ambalo mumewe Kimeli hakulijua, na lilimnyima hata ladha ya chai.

Jumapili hiyo wazee wa ukoo walikaa nyumbani kwao, juu ya mji wa Kipkelion, kupanga koito ya Chemutai, binti yao wa mwisho. Koito ndiyo siku ambayo jamaa za kijana huja kuomba msichana, na baba wa msichana ndiye huwajibu kwa niaba ya nyumba. Mzee mmoja aliuliza, kwa upole tu, kama Kimeli angekubali mdogo wake Kipruto amsemee siku hiyo, kwa sababu ya masikio. Kimeli aliitikia kwa kichwa. "Ee," akasema. "Ee, ni sawa kabisa." Hakuwa amesikia hata neno moja. Kwa miaka mitatu alikuwa akiitikia hivyo kila mahali, kanisani na hata kwenye kituo cha majani chai, ili watu wasichoke kumrudia. Wazee wakapitisha. Kipruto akainamisha macho. Priscah, aliyekuwa mlangoni na birika mkononi, akanyamaza.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na koito ilikuwa Jumamosi. Walikuwa katika kliniki ndogo ya masikio mjini Kericho, Kimeli amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amepewa kifaa cha kusikia na wageni waliopita wakipima watu masikio, lakini kilikuwa kimetumiwa na mtu mwingine, kimepangwa kwa masikio ya huyo. Akikivaa kilimpigia mluzi kichwani, na maneno ya watu yakabaki mbali vilevile. Kilihitaji kupangwa upya kwa kompyuta.

Mhudumu aliitwa Nyathira. Kabla ya yote alimsogezea Kimeli kiti mahali penye jua, akammiminia chai kutoka kwa thamosi yake mwenyewe, na kila alipomwambia kitu alimkabili, ili mzee aione midomo. Priscah aliliona hilo, akamwombea kimoyomoyo.

"Shosho, sitakuficha," Nyathira alimwambia Priscah, kama anayeongea na bibi yake. "Kompyuta yetu ilipigwa na radi mwezi uliopita. Hii tumepewa na msamaria mwema, inatumia mfumo wa Linux. Na programu ya kupanga vifaa ilitengenezewa mfumo wa Windows peke yake. Hizi mbili hazielewani."

"Kwa hivyo turudi nyumbani?"

"Hapana. Naweka programu ingine ya kukaa katikati. Ile ya Windows ikiomba kitu, hii inaichukulia kwa Linux. Inaitwa Wine, kama divai, lakini usiogope, hakuna mtu atalewa hapa."

Priscah alicheka. Kimeli akacheka pia, akiwatazama midomo, bila kujua wanacheka nini. Hapo kicheko cha Priscah kikakatika.

Nyathira alitumia bando la simu yake kuteremsha Wine. Programu ya masikio ikakataa kufunguka. Akasoma maandishi, akajigonga paji la uso. "Ni ya zamani, ya biti thelathini na mbili. Mimi nimeweka sehemu ya sitini na nne peke yake." Akateremsha sehemu iliyokosekana. Hiyo nayo ikadai vifurushi vingine vya programu, na kila kifurushi kikamtaka mwenzake, kama wageni wa harusi ambao kila mmoja amekuja na jamaa yake. Watu wengine waliokuwa wakingoja nje waliondoka. Ufagio ukaanza kusikika kwenye korido.

Mwishowe programu ilifunguka. Nyathira alimvisha Kimeli kifaa sikioni, waya mwembamba ukikiunganisha na kisanduku cheusi, na kisanduku na kompyuta. Kwenye kioo cha kompyuta pakaandikwa kwamba hakuna kifaa.

Akampigia simu Clifford, fundi wa Nakuru aliyeileta kompyuta ile. Clifford alikuwa njiani kwenda kwake nyumbani, lakini alisimama kando ya barabara kumsikiliza.

"Umeionyesha Wine tundu la waya?" aliuliza.

"Nimeionyesha."

"Na wewe umejipa ruhusa ya kulitumia? Linux haikubali hivi hivi. Jiongeze kwa kikundi chenye ruhusa, halafu utoke na uingie tena."

Nyathira akatoka kwenye kompyuta, akaingia tena, akaanza kukipanga kifaa, vidole mbio. Priscah hakuweza kuvumilia zaidi. Alimwinamia, nyuma ya mgongo wa mumewe, akasema polepole, "Mwanangu, ikikataa usijilaumu. Hata hivyo hatasema siku hiyo. Wazee wameshampa Kipruto. Yeye mwenyewe aliitikia, na hajui."

Vidole vya Nyathira vilisimama. Kwenye kioo, mstari wa kijani ulikuwa umefika mwisho: kifaa kilikuwa kimepangwa.

"Niliitikia lini?" Kimeli aliuliza, bila kugeuka.

Nyathira alisimama, akasema anaenda kutafuta maji, akaufunga mlango taratibu.

"Jumapili," Priscah alisema. "Ulisema ni sawa kabisa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Nilitaka upate sikio kwanza, Baba Chemutai, ndipo nikuambie." Akamshika mkono wa koti. "Twende kwa wazee leo. Tuwaambie hukusikia."

Kimeli aliweka mkono juu ya sikio, kama anayekilinda kile kifaa na upepo.

"Nikisema hilo sikusikia," alisema, "wataniuliza na mengine. Watu wamejenga juu ya ee yangu, Mama Chemutai. Nitamharibia mtoto siku yake. Kipruto atasema. Mimi nitakaa nisikilize."

Machozi yalimtoka Priscah. Kimeli alimwacha alie kidogo, kisha akamgusa goti.

"Hayo mengine niliyoyaitikia, uliyasikia?"

"Karibu yote."

"Basi niambie. Usiruke hata moja."

Priscah alivuta kiti chake karibu, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akaanza na ile njia ya ng'ombe ambayo jirani alipewa katikati ya shamba lao kwa ee ya Kimeli.