Nani Alinyakua Kwaya?

Sipendi kuzungusha maneno: mwaka 1997 nilipinduliwa. Nilikwenda Mwingi wiki tatu kuvuna ndengu, nikarudi Makongeni Jumamosi jioni na kusikia kwaya yangu ikiimba hata kabla sijafika mlango wa kanisa. Mbele yao, mahali pangu, alisimama Roseline wa sauti ya kwanza, mikono hewani. Mashindano ya kwaya yalikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Na kibaya zaidi, walikuwa wakiimba vizuri.

Nilikwenda nyumbani bila kumsalimia mtu. Nilitaka kumwandikia mchungaji barua yenye neno moja zito la kumnyamazisha kila mtu. Nikaandika "ameninyang'anya", nikakata. Nikaandika "amepora", nikakata. Mke wangu Mbinya alikuwa akikanda unga wa chapati huku akicheka.

"Baba Muthoki, karatasi itaisha. Andika tu umenuna."

"Huu ni unyakuzi!" nikafoka.

Ndilo lilikuwa neno la siku zile. Hapakuwa na uwanja wa watoto wala choo cha soko kilichokosa mnyakuzi wake.

Ili niwe na hakika, nilikwenda kwa jirani yetu Zedekiah, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alivaa miwani kwa furaha, maana siku hizo hakuna aliyemuuliza kitu.

"Kupora ni kwa nguvu, kama jambazi na kisu chake," alisema. "Kupindua kunataka jeshi. Kunyakua ni kuchukua upesi kisicho chako, mwenyewe akiwa amegeuka, kisha ukakikalia kana kwamba ulizaliwa nacho."

"Ndiye Roseline huyo!"

"Pole pole. Kabla ya kumwita mtu mnyakuzi wa cheo, uliza kwanza mwenye cheo alikipata wapi. Wewe, Matheka, kwaya ulikabidhiwa na nani?"

Miaka kumi na mitatu nyuma, mwalimu wa kwaya alikuwa Munyao, dereva wa lori la mchanga. Alishikwa na malaria, nami nikasimama mahali pake kwa Jumapili moja tu. Aliporudi, sikusogea. Alinitazama, akaenda kukaa na besi nyuma kabisa, na hakusema neno. Mimi nami sikuuliza. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikaaga mbio, Zedekiah akilalamika kwamba hajafika kwenye neno la nne, "kughusubu".

Barua niliichana usiku huohuo. Wivu haukuchanika.

Jumanne nilikwenda mazoezini. Roseline aliponiona alishusha mikono.

"Mzee Matheka, mchungaji aliniambia nikushikie tu. Njoo uchukue nafasi yako."

Nisidanganye, nilitamani. Miguu yangu iliijua njia ya kwenda pale mbele, na hatua sita tu zingetosha. Nikatazama nyuma, nikamwona Munyao akijishughulisha na kitabu cha nyimbo asije akakutana na macho yangu.

"Endelea, dada," nilisema. "Hiyo kwaya haikuwa yangu. Mimi natafuta pa kukaa."

Nikaenda mpaka nyuma, nikasimama mbele ya Munyao mbele ya watu wote.

"Munyao, nilinyakua kwaya yako. Nisamehe."

"Najua," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Mwaka wa kwanza nilikasirika mno. Wa pili nikagundua kwamba mwalimu wa kwaya haimbi." Akasogea kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja. "Anapunga tu mikono huku sisi tukifaidi. Kaa hapa. Nimekuonea huruma miaka yote hii."

Nikakaa. Ilikuwa kweli tupu: tangu 1984 sikuwa nimeimba hata wimbo mmoja kanisani mpaka mwisho. Roseline akainua mikono, sauti zikapanda, nami nikaingia kwa nguvu zote mahali pasipo pangu.

Roseline akapiga meza. "Besi! Nani huyo anaimba peke yake?"

"Mgeni," Munyao akajibu. "Umwie radhi, ana njaa."

Kanisa zima likaangua kicheko. Tukaanza upya, bega langu likigusa bega la Munyao, na nikaimba mpaka machozi yakanitoka.