Asubuhi Waliyopatana Wabunge

Kiangazi kizima cha mwaka 1850, wabunge wawili waliopanga nyumbani kwa Bibi Tolliver, jijini Washington, hawakuketi upande mmoja wa meza. Bwana Pruett wa Georgia alikaa dirishani, Bwana Hadley wa Ohio akakaa karibu na mlango, na ugomvi ukawa katikati yao. Nchi ilikuwa imeipora Meksiko ardhi isiyo na mwisho, nao hawakuafikiana kama watumwa wapelekwe huko au la.

Zilpah, mpishi na mtumwa wa Bibi Tolliver, aliwapakulia huku akiomba moyoni wasipatane kamwe. Maadamu wanagombana, hakuna aliyekuwa na wasaa wa kuwawinda watu kama mdogo wake Enos, aliyemtoroka Bibi huyo huyo miaka sita nyuma na sasa alikuwa mwashi huko Harrisburg, Kaskazini kusiko na utumwa, ana mke na watoto wawili.

Asubuhi moja ya Septemba aliingia na birika la kahawa, akawakuta wameketi bega kwa bega. Bwana Pruett alikuwa akimpakia mwenzake siagi kwenye mkate.

Zilpah akaizunguka meza polepole, masikio wazi. California ingeingia katika muungano bila utumwa, na hilo Bwana Hadley alilifurahia. Majangwa mengine yaliyoporwa yangejiamulia yenyewe kuhusu utumwa. Soko la watumwa lingefungwa hapa jijini, maana liliwatia aibu mbele ya wageni. Na Kusini, kwenye majimbo ya watumwa, wangepata nini? Bwana Pruett alipangusa mdomo, akaeleza kwa upole kwamba kila mtoro, popote alipo, hata akiwa na miaka mingi huko, angerudishwa kwa mwenyewe, wala asingeruhusiwa kusema neno la kujitetea.

Bwana Hadley alikuwa mtu wa huruma, aghalabu akimsalimu Zilpah kwa jina. Kwa hiyo walipobaki wawili, Zilpah alijikaza akamwuliza.

"Bwana, hata yule aliyekwisha kupata watoto huko?"

Hadley hakuinua macho. "Tumeiepusha nchi na vita, Zilpah. Kila mtu hana budi kumeza uchungu kidogo."

"Na wewe umemeza nini, bwana?"

Hadley akajimiminia kahawa. Zilpah alipogeuka, Bibi Tolliver alikuwa amesimama kizingitini.

"Watoto wa nani hao, Zilpah?"

"Wa watu tu, bibi."

Bibi akatabasamu, akaenda zake.

Siku hiyo hiyo Zilpah alimvizia Asbury, mtu mweusi huru aliyewaletea chaza, akamsihi afikishe habari Harrisburg. Asbury alimtoa wasiwasi: majirani wa Enos wana mashoka, nani atathubutu kumgusa?

"Mashoka watayashika siku moja, kaka. Sheria itakuja kila siku. Mwambie avuke aende Kanada."

Sheria ikapita. Mizinga ikapigwa, walevi wakaimba barabarani kwamba nchi imepona. Kesho yake, kaka yake Bibi Tolliver aliondoka na karatasi mfukoni. Hakuna aliyemwambia Zilpah anakoenda, wala hakuuliza. Kwa siku tisa alipika na kupakua, na Bibi akawa anausifu mchuzi wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Yule kaka alirudi mikono mitupu. Zilpah alimsikia akifoka sebuleni kwamba nguo za watoto zilikuwa bado kwenye kamba, lakini nyumba haina mtu. Aliingia stoo, akang'ata aproni asije akacheka kwa sauti.

Jumatatu akaambiwa afunge nguo zake, akamsaidie dada yake Bibi huko Alexandria, ng'ambo ya mto. Bwana Hadley alimpisha mlangoni, akamtakia safari njema.

Walipofika katikati ya daraja, kaka yake Bibi akiendesha gari, Zilpah alikumbuka kwamba hajawahi kusikia Bibi ana dada.

"Si walisema soko limefungwa?" aliuliza.

"Limefungwa jijini," yule kaka alisema, akiwahimiza farasi. "Sisi ni watu wa kufuata sheria. Ndiyo maana tunavuka kwanza."

Kabla ya adhuhuri Zilpah alikuwa mali ya mtu wa Louisiana. Karani, kalamu mkononi, alimwuliza kama ana ndugu popote. Zilpah alisema hana.