Baba wa Kwenye Filamu

Orpa alianza kuhukumu filamu kwenye mlango wa kibanda cha video cha Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mbele ya meza yake ya mandazi. Watu wakitoka, macho bado yanapigana na jua, walimkuta ameshasema. Sauti ilipenya mbao, naye alizifahamu hadithi zote bila kuingia ndani, na alipoingia alitoka na maneno makali zaidi.

Siku moja Mbabazi, mtangazaji wa redio moja ya Mbarara, alifika kambini kwa shughuli zake, akamsikia. Baada ya wiki chache Orpa alikuwa na kipindi chake kila Jumamosi mchana, katika chumba kidogo huko Kakiika, pembeni ya Mbarara, na Nakivale nzima ilimjua.

Filamu za mashetani alizicheka. "Watu wanaona damu ikitiririka ukutani, usiku wanarudi kulala palepale," alisema hewani. "Sisi tuliacha nyumba nzuri zisizokuwa na shetani hata mmoja." Za mapenzi zilimchosha: mwanaume anakaa miaka mitatu meza moja na msichana bila kusema kitu, halafu anakimbilia uwanja wa ndege kusema mbele ya askari. Katika zile za bunduki, aliuliza nani anawazika wale wote waliouawa, maana shujaa huwaruka tu na kwenda kunywa bia. Wasikilizaji walipiga simu, wakabishana, wakacheka.

Mumewe, Anselme, hakukosa kipindi hata kimoja. Aliwasha redio nje ya nyumba, akaongeza sauti mpaka majirani wakaja na viti. Alikuwa mtu wa Walungu, ng'ambo ya mpaka, mkulima wa maharagwe, mpole, asiyependa kusimulia mambo ya nyuma. Orpa alijua tu kwamba alikuwa na mke wa kwanza aliyefariki wakati wa kujifungua, na kwamba mtoto wao wa kiume alikufa kwa malaria kabla Anselme hajavuka mpaka. Orpa alimkuta hapa Nakivale, wakafunga ndoa, wakampata Ushindi, binti ambaye sasa alikuwa na miaka minne.

Jumamosi hiyo Orpa alizungumzia filamu ya vita. Wanajeshi wanaingia kijijini, baba anakimbia na mwanawe, mtoto anachoka, baba anamficha kwenye majani na kuendelea peke yake.

"Hapo nilitaka kutoka," Orpa alisema. "Aliyeandika hajakimbia vita hata siku moja. Baba wa namna hiyo hayuko duniani. Na kama yuko, huyo si baba, ni mnyama. Hapana, namkosea mnyama. Hata mbwa anabeba watoto wake kwa meno."

Mbabazi alipiga meza kwa furaha. "Mama Orpa, wewe nasema kweli tupu!" Simu zikalia mpaka kipindi kikaisha.

Aliporudi Misiera, watu walimpongeza njia nzima. Nyumbani redio ilikuwa imezimwa na viti havipo. Anselme alikuwa shambani, analima sehemu aliyokwisha kuilima juzi. Hakuja kula. Orpa alipomuuliza, alisema kichwa kinamuuma.

Kesho yake, baada ya misa, Orpa alimfuata shambani. Ushindi alikuwa amebaki kwa jirani.

"Baba Ushindi, nimekukosea nini?"

Anselme aliendelea kung'oa magugu. Halafu akaketi chini, mikono juu ya magoti.

"Ile mambo ulisema jana kwa redio. Ulikuwa nasema juu yangu."

"Juu yako namna gani?"

"Mutoto wangu hakukufa na malaria." Alisema bila kuinua uso. "Mguu wake ulikuwa umevimba. Nilimubeba mpaka nikashindwa, na bale bantu ba bunduki balikuwa karibu, nasikia sauti zao. Nikamulalisha kwenye migomba. Nikamuambia asilie, nitarudi. Nikakimbia."

"Ukarudi?"

"Nilirudi asubuhi. Hakukuwa mutu. Hata damu haikuwa."

Orpa alisimama pale na jua likamchoma. Angeweza kumshika bega, lakini mkono ulikataa. Kilichomjia kwanza hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira.

"Miaka yote hii umenilaza na uongo."

"Nilisema malaria mara mingi, hata mimi nikaanza kuamini," Anselme alisema.

Jioni hiyohiyo Orpa alimchukua Ushindi, akaenda Nyamitanga, mjini Mbarara, kwa dada yake, Gisèle. Hakumweleza kitu. Alilala akigeukageuka. Kila alipomtazama Ushindi amelala, alijiuliza baba yake angefanya nini kama wangelazimika kukimbia tena. Kisha alijiuliza mwenyewe angefanya nini, akaona hajui. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Jumamosi nzima alikuwa amesema kama mtu anayejua.

Wiki ilipokwisha alikwenda Kakiika kwa sababu kazi ni kazi. Mbabazi alimpokea mlangoni.

"Watu napiga simu wiki nzima. Leo tunarudia ile ya baba mbaya."

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanaume aliyesema anatoka Base Camp, sehemu nyingine ya kambi. "Mama, ulituponya roho," alisema. "Baba kama hao wako hapa kambini, batafutwe moja moja, na bapigwe mawe. Wewe ulisema, haba si bantu."

Orpa alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mgeni, yakaonekana machafu. Mbabazi alimwashiria ajibu. Orpa akavuta kipaza sauti karibu.

"Ndugu, usimpige mtu mawe kwa ajili yangu," alisema. "Ile filamu niliihukumu vibaya. Ni mbaya kweli, lakini si kwa sababu niliyowaambia. Nilisema baba kama yule hayuko. Yuko. Ubaya wa filamu ni kwamba ilimfuata baba tu: baba anakimbia, baba analia, baba anazeeka. Yule mtoto aliyefichwa kwenye majani, hakuna aliyerudi kumtazama. Hata mimi sikumuulizia."

Mbabazi aliweka muziki upesi. Hakufurahi. Orpa alitoka kabla ya saa yake kwisha, akampitia Ushindi, wakarudi Nakivale.

Anselme alikuwa anapika ugali. Alipowaona alisimama na mwiko mkononi kama mtu aliyefumaniwa.

"Ulimutafuta?" Orpa aliuliza, hata mkoba hajautua. "Tangu ufike hapa, uliuliza kwa ofisi yoyote?"

"Ningeuliza namna gani? Kwa ofisi banakuuliza mulipotezana wapi. Ningesema nini?"

"Utasema ile uliniambia mimi."

"Orpa, nitakufa na haya."

"Hutakufa. Nitakuwa pale."

Hakumwambia amemsamehe, kwa maana hakuwa amemsamehe. Usiku ule walilala kitanda kimoja, Ushindi katikati.

Jumatatu walikwenda Base Camp, kwenye ofisi inayotafuta jamaa waliopotezana. Mama aliyewapokea aliuliza jina la mtoto.

"Mihigo," Anselme alisema, na Orpa akagundua kwamba hakuwahi kulisikia. Katika miaka yao yote walisema tu "yule mtoto".

Mama yule aliuliza umri. Akauliza alama. Anselme alitaja kovu dogo chini ya kidevu. Kisha likaja swali alilokuwa analiogopa, akaanza kusimulia, akakwama kwenye migomba. Orpa alitamani kutoka nje, apumue, asisikie tena. Alibaki kwenye kiti chake.

"Sema, Baba Mihigo," alimwambia polepole.

Akasema yote.

Jibu halijaja. Mama wa ofisini aliwaonya kwamba huenda lisije. Kila baada ya muda Anselme huenda kuuliza, na Orpa huenda naye. Njiani wakati mwingine Anselme humsimulia habari za Mihigo: alivyopenda kulala na mdomo wazi, alivyowaogopa kuku. Wakati mwingine Orpa hutembea mbele yake, bado ana hasira.