Waliotajwa na Mgebuka Jazz

Katika Kigoma yote, kuanzia Bangwe mpaka Mwandiga, hakuna mwanamke aliyelicheza dansi kunishinda mimi. Nimelicheza mara mbili. Hiyo ya pili tuiite nusu, kwa sababu siafu walikuwa wameingia ndani ya gauni, lakini watu walinipigia makofi na sikuona sababu ya kuwakatisha tamaa. Kwa hiyo haya ya Mgebuka Jazz nayasema kwa ujuzi kamili.

Mgebuka Jazz hupiga kila Jumapili, saa kumi alasiri, kwenye baa ya Meshack kule Gungu. Viti ni vya plastiki, vyekundu, na kimoja kina mguu wa mti. Watu hutoka kanisani, hula, hubadili viatu, huja. Wasiokwenda kanisani huja na viatu vile vile. Wanaagiza soda, bia, samaki wa migebuka wa kuchoma na ndizi, wanasikiliza nyimbo za taratibu kwa adabu kama wako kwenye kikao cha wazazi, na wote wanangoja sebene. Sebene ni pale gitaa linapoanza kukimbia, mwimbaji anakwenda pembeni kunywa maji, na rapa anashika kipaza sauti kutaja majina ya watu.

Rapa wa Mgebuka Jazz ni Gélase, mwanamume wa makamo aliyetoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Ana karatasi kwenye mfuko wa shati. Ukimtunza, anakuandika. Si lazima iwe pesa. Wengine huleta kreti ya soda, wengine mkungu wa ndizi, wengine dumu la mawese. Ukishaandikwa, unatajwa, na ukitajwa, unarefuka.

Kutajwa mara moja kwenye sebene ni upana wa kidole. Kwenye wimbo wa taratibu ni nusu yake. Jambo hili lilianza mwaka juzi, bendi ilipopata spika mpya, na hakuna aliyeliitia mkutano. Feliksi wa bucha alitajwa siku kipaza sauti kinakatakata, akarefuka mkono wa kulia peke yake; anautumia kutundikia nyama. Mwalimu Eliakimu alitajwa kwa makosa, rapa alimkusudia Eliakimu mwenye mashine ya kusaga. Tangu hapo mwalimu anaandika juu kabisa ya ubao, na wanafunzi wa darasa la tatu wanasoma wakiwa wamesimama juu ya madawati. Kule zahanati muuguzi aliacha kuuliza maswali. Anapima, anaandika kwenye kadi, “Sababu: kutajwa,” anaita mwingine. Meshack naye alipandisha paa la baa mara mbili, kisha akaona isiwe tabu, akaliondoa.

Aliyetajwa kuliko wote ni Castory wa Kibirizi, mume wa Veneranda.

Veneranda anafanya biashara ya dagaa, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ananunua mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, anaanika, anajaza magunia, anayapakia kwenye treni ya Tabora. Ni mfupi. Hata kabla ya zile spika alikuwa mfupi, lakini ufupi wake ulikuwa wa kawaida na haukumzuia kitu. Castory alikuwa mbebaji mizigo bandarini, akastaafu akiwa na miaka arobaini, kwa hiari yake, na tangu hapo kazi yake ni kumwakilisha mkewe. Kila Jumapili alikuwa akichukua beseni la dagaa wa kukaanga, dagaa wa Veneranda, anampelekea Gélase. Beseni likirudi tupu, mwenye kulibeba alikuwa amerudi na nyongeza.

Ilipofika Juni, Castory alikuwa akilala pembe hadi pembe ya chumba, miguu imetokea dirishani, na kuku wa jirani wakazoea kupanda juu ya nyayo zake. Alipolalamika, jirani alimwambia awavumilie, kuku nao wanapenda joto. Veneranda hakuona ubaya. Siku za kufua alimsimamisha uani, akafunga kamba ya nguo kwenye kiwiko chake, upande mwingine kwenye mpapai.

Shida ilianzia mnadani.

Boti za dagaa zinafika Kibirizi asubuhi. Dalali Gervasi anapanda juu ya boti iliyopinduliwa na kuuza beseni kwa beseni, na anayetaka ananyoosha mkono. Gervasi hana upendeleo, anamwuzia anayemwona. Zamani alimwona Veneranda wa kwanza, kwa sababu Veneranda alikuwa anafika wa kwanza. Lakini mwaka huu wanunuzi wenzake wote walikuwa wameshatajwa, baadhi yao mara nyingi, na walisimama pale mbele kama shamba la michikichi. Veneranda alinyoosha mkono, ukaishia kwenye kiuno cha mtu. Alileta kreti akapanda, kreti ikazama mchangani. Aliita kwa sauti, na Gervasi akageuka kutazama ziwani, akidhani kuna boti iliyochelewa.

“Shemeji Gervasi,” alimwambia mnada ulipokwisha, “mimi si nilikuwa hapa?”

“Nilisikia sauti, mama,” alisema Gervasi. “Sauti siwezi kuiuzia dagaa.”

Wiki tatu alirudi nyumbani na beseni kavu. Chanja zake za kuanikia zikabaki uchi, hata kunguru wakahamia kwa jirani. Mteja wa Tabora alipiga simu mara mbili kuuliza mzigo, mara ya tatu hakupiga. Kule stesheni wakamwambia, bila ukali, kwamba mwezi ukiisha hajapakia kitu, nafasi yake kwenye behewa atapewa mwingine. Kulikuwa na watu wanaoingoja. Mmoja wao ilibidi ainame kuingia ofisini.

Jioni hiyo Veneranda aliongea na mumewe. Aliongea na goti, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

“Baba Armelle, Jumapili hii usitajwe wewe. Nitajwe mimi.”

“Wewe?”

“Mara ishirini tu. Nifike kwenye bega la mtu, mkono utamalizia wenyewe.”

“Urefu unamsumbua mwanamke, Mama Armelle. Utahangaika na sufuria.”

“Sufuria nitazipandisha.”

Castory alifikiri huko juu. Akasema sawa, atashughulikia. Veneranda mwenyewe hakuweza kwenda, maana Jumapili alasiri kuna mazoezi ya kwaya na parokia ilikuwa na jubilei, na sauti ya pili bila yeye inakwenda kama mbuzi waliofunguliwa.

Alitoa gunia la mwisho lililobaki ndani. Alikaanga dagaa kwa mawese, akaweka kitunguu, pilipili na ndimu, akafunika beseni kwa kitambaa kilichofumwa. Castory akaondoka nalo. Alirudi jua linazama, anaimba.

“Wamekutaja mara ishirini na mbili,” alisema. “Watu walisimama. Mama mmoja alilia.”

Veneranda alikuwa ameweka alama ya mkaa kwenye mwimo wa mlango. Alisimama, akaweka kiganja juu ya kichwa, akageuka kutazama. Kiganja na mkaa vilikuwa vimekutana pale pale.

“Kwa wanawake linachelewa,” alisema Castory. “Muuguzi ameniambia. Linaanzia kwenye mifupa ya ndani, halafu linatoka nje.”

Jumapili ya pili beseni likaenda tena, na tena kiganja kikakutana na mkaa. Castory alisema siku hiyo upepo ulikuwa mkali, umechukua majina yote na kuyapeleka Ujiji. Veneranda alitazama majani ya mpapai. Yalikuwa yametulia. Miaka ishirini ya ndoa humfundisha mtu kutazama mpapai na kunyamaza.

Jumapili ya tatu ilikwenda na dagaa wa mwisho kabisa, wale wa chini ya gunia, waliovunjikavunjika. Castory alirudi akasema mambo yamekwenda vizuri, tuvute subira.

Jumatatu Veneranda alipeleka suruali ya mumewe kwa Yasmini, fundi cherehani wa pale Mwanga, iongezwe kitambaa miguuni. Yasmini aliitandaza suruali kwenye meza, ikavuka meza, ikavuka mlango.

“Mume wako anamaliza vitambaa vya mji,” alisema. “Lakini sasa amepata mwenzake. Kuna mwanamke wa Ujiji, anaitwa Shadia, anauza vitenge kule karibu na soko. Ndani ya wiki tatu nimemshonea mara tatu. Gauni la juzi limekula vitenge vitano, na bado magoti yanaonekana.”

“Hongera zake,” alisema Veneranda. “Anatunziwa na nani?”

“Mimi napima watu, dada yangu. Siwaulizi.” Yasmini aliweka pini mdomoni, na hiyo ilikuwa namna yake ya kumaliza mazungumzo.

Jumatano, kama saa tisa, mtu alipiga hodi. Alikuwa Gélase. Castory alikuwa amewaahidi bendi beseni jingine, ili wale njiani, maana walikuwa wanakwenda Kagunga kwa boti kupiga kwenye harusi. Veneranda alitoka na mikono yenye magamba. Alikuwa anaparua mgebuka mmoja aliopewa na jirani. Wakatazamana macho kwa macho, kwa sababu Gélase naye ni mfupi. Rapa hajitaji.

“Mwiriwe, mama,” alisema kwa Kirundi, na Veneranda akamjibu kwa Kiha, wakaelewana kama kawaida. “Bosi wako yupo?”

“Bosi wangu nani?”

“Bi Shadia. Mke wa mzee Castory.”

Veneranda aliweka kisu juu ya ubao. Ndani ya nyumba kitanda kililia, halafu zikasikika hatua za mtu mkubwa anayejaribu kutembea kama mtu mdogo.

“Bi Shadia unamjua?” aliuliza Veneranda.

“Kwa sura bado. Kwa jina, kabisa. Jumapili tatu nimemtaja mara ishirini ishirini, zote kwenye sebene. Mzee alisema tumtaje kwa moyo, maana dagaa ni wa kwake.” Gélase alicheka kidogo. “Ni dagaa wazuri, mama. Mpiga besi alilamba kitambaa.”

“Kitambaa nimekifuma mimi,” alisema Veneranda. “Na dagaa nimekaanga mimi. Castory ni mume wangu. Naitwa Veneranda.”

Gélase alivua kofia. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaipitia kwa kidole kuanzia juu mpaka chini. Akaigeuza, akapitia na nyuma.

“Hilo sina,” alisema.

“Hilo la Shadia huwezi kulifuta, uniwekee mimi?”

“Jina likishamwingia mtu halitoki. Tulijaribu kwa Mwalimu Eliakimu, akaota vipele tu.”

“Basi niandike Jumapili hii. Nafasi yangu ya treni inaisha Ijumaa inayofuata.”

“Jumapili hii tuko Kagunga. Zinazofuata zimejaa mpaka Krismasi.” Alimwonyesha karatasi asije akadhani ni maneno tu. “Mwenyekiti wa mtaa amechukua Novemba nzima. Labda Februari, mama. Februari watu wanakuwa wamechoka kutunza.”

Alimwona Veneranda anavyoitazama ile karatasi, akamhurumia. Alisafisha koo, akasimama vizuri pale uani, akataja, “Veneranda wa Kibirizi.” Alilitaja kwa ufundi wake wote, na kule mwisho akalivuta. Wakangoja. Veneranda alipata kwikwi moja, basi.

“Bila gitaa haishiki,” alisema Gélase.

“Nimeona,” alisema Veneranda. “Asante kwa kujaribu. Kesho nitakwenda mnadani na kreti mbili.”

“Chini ya kreti weka ubao, mama. Mchanga wa Kibirizi unameza.”

Mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale uani wote wawili waliweza kuona mpaka chumbani. Castory alikuwa amejificha nyuma ya kabati. Kabati lilimfika kwenye mkanda. Alikuwa amefumba macho.

“Shikamoo, mzee,” alisema Gélase.

“Marahaba,” alisema Castory, akafumbua macho. Akafuta vumbi juu ya kabati, kama mtu aliyekuwa pale kwa shughuli zake. “Gélase, usimchanganye mama. Ni mambo ya majina tu haya. Shadia ndilo jina lake la ubatizo.”

“La nani?” aliuliza Veneranda.

“La kwako, Mama Armelle. Umelisahau. Ulikuwa mdogo.”

“Nilibatizwa na padri gani?”

Castory alizitazama boriti, zilizokuwa karibu na pua yake.

“Padri mgeni,” alisema. “Alikuwa anapita.”

Gélase alilifikiria jambo hilo kwa heshima zote, kofia bado iko mkononi.

“Mzee,” akauliza, “alikuwa anapita kwenda msikiti gani?”

Castory akainama kutafuta kiatu chake. Ilimchukua muda mrefu kufika chini.