Mianzi ya Shemeji

Umeme ulikatika tena Mdandu, kama jana na juzi, alfajiri ileile ya mvua na ukungu. Beatrisi akaifunika mashine yake ya kutotolesha vifaranga kwa mablanketi na kupanga chupa za maji ya moto ndani. Mayai ya kikundi kizima cha wafugaji kuku wa kijiji yalikuwa yamefikia siku ya kupasuka, na baridi ya huku haibembelezi yai.

Mafundi walifika asubuhi kutoka Makambako, Dainess na mwenzake Kornelio. Walikata swichi ya nguzoni pale laini ya Mdandu inapochepuka, wakaomba kituoni wawashe. Laini kubwa ikashika, haikukatika tena.

"Basi ubovu uko upande wenu," Dainess alimwambia Beatrisi, aliyekuwa amewafuata. "Lakini jana tulipita nguzo kwa nguzo, hatukuona kitu."

"Mlipita saa ngapi?" Beatrisi aliuliza.

"Mchana, jua likiwaka."

Beatrisi akajipiga paji la uso. Alfajiri akienda kisimani, mianzi ya shemeji yake Vitus, imelemewa na mvua, humlazimu apite ameinama. Mchana huikuta imesimama wima, kana kwamba haijui kuinama.

"Twendeni kwa Vitus!"

Waliikuta bado imelalia nyaya, ncha zake nyeusi kwa kuungua. Vitus alisimama mbele yake na panga.

"Kamwene, shemeji. Ulanzi, pombe ya mianzi hii, ndiyo kwanza unaanza kutoka. Mkate mwezi ujao."

"Mwezi ujao nitakuwa nimezika kuku ambao hawajazaliwa! Na mayai ya mkeo Elina yamo mle. Nenda kamwambie mwenyewe."

Vitus aliangalia panga, akaangalia njia ya kwake. Akamkabidhi Kornelio panga.

"Inayofikia nyaya tu, baba," Dainess alimtuliza. "Ya nyuma endelea kugema."

Alihakikisha kwanza laini haina umeme, akaiunga na ardhi kwa waya, ndipo wakakata mianzi.

Beatrisi alipofika nyumbani, umeme ulikuwa umerudishwa; taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka. Aliinua blanketi, akasikiliza. Kimya. Kisha yai moja likatikisika, na mdomo mdogo ukachungulia kwenye ufa. Akaketi sakafuni na matope yake.

Mlango ukasukumwa. Vitus, anahema.

"Ya Elina?"

"Njoo usikilize, shemeji."

Akapiga magoti, akatega sikio. Ndani ya mashine vifaranga walikuwa wanalia, si mmoja, si wawili.

"Mungu wangu," alisema Vitus, akacheka. "Basi leo nitalala nyumbani, Elina hatanifungia nje."